Mpira Uliomo Ndani ya Muhogo

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, kule Muheza, palikuwa na mti tuliouita mpira. Hakuna aliyewahi kuugema. Kazi yake ilikuwa moja tu, kisamvu. Siku ambayo dagaa hakuna na maharage yameisha, bibi ananikabidhi ungo, nakwenda kuchuma majani machanga. Yanatwangwa, yanachemshwa sana, yanaungwa kwa nazi. Wenyeji wa Tanga watanielewa. Wapo wanaokisifu kisamvu cha mpira kuliko kile cha muhogo wenyewe.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini mti wa mboga uitwe mpira. Watoto hawaulizi majina ya vitu vilivyowatangulia duniani. Nilikuja kukutana na mti ule ukubwani, ndani ya makala za kisayansi, ukiitwa Manihot glaziovii, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mti wa bibi una historia ndefu kuliko ukoo wetu tunavyoweza kuuhesabu. Ni historia inayopanda mlimani Amani, inashuka, inakwenda hadi Nigeria na Uganda, halafu inarudi pwani kwa jina lingine. Naomba tuifuate, ndugu msomaji. Najua hapa tumezoea kujadili riwaya na diwani, lakini hii nayo ni habari ya maandishi, ya majina, na ya nani anakumbukwa.

Ukitoka Muheza mjini kwenda Amani, barabara inaanza kupanda na kujikunja, joto la pwani linabaki chini, na baada ya muda unajikuta ndani ya msitu wenye ukungu, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hii ndiyo Usambara ya Mashariki. Wajerumani walipoiona mwishoni mwa karne ya 19, waliitamani. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: msitu mkubwa namna hii lazima umekaa juu ya udongo wenye rutuba. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Kahawa ikaanza vizuri, halafu ikadumaa. Udongo wa milima ile ni wa chachu na umeoshwa na mvua za miaka na miaka. Rutuba yenyewe ilikuwa ndani ya msitu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza, na wao walikuwa wameshaukata.

Hasara ya kahawa iliwafundisha kwamba mlima hausomwi kwa macho. Mwaka 1902 ikaanzishwa pale Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, na mkuu wake wa mwanzo akawa Franz Stuhlmann, yule aliyewahi kusafiri bara pamoja na Emin Pasha. Wakaleta mimea kutoka kila upande wa dunia ya joto: sinkona ya kutengenezea kwinini, kafuri, viungo, miti ya mbao, mimea ya nyuzi. Lengo lilikuwa wazi na hawakulificha. Walitaka mazao ya kuuza Ulaya. Muhogo wa Msambaa na Mbondei haukuwa shida yao kubwa.

Kati ya mimea iliyotegemewa kuleta utajiri ilikuwa mipira kutoka Brazili, jamaa wa karibu wa muhogo. Kwa miaka kadhaa mashamba ya mpira yalienea koloni zima, maana bei ilikuwa juu. Kisha mpira wa mashamba ya Asia ukajaa sokoni, na mwaka 1913 bei ikaanguka vibaya. Wenye mashamba wakaikata au wakaitelekeza. Katani, iliyoingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kwa miche 62 tu iliyofika hai, ndiyo iliyobaki kuwa tajiri wa Tanga. Mpira ukawa mti usio na mwenyewe. Ukamea kwenye mipaka ya mashamba, nyuma ya nyumba, kandokando ya njia. Akina mama wakaonja majani yake, wakaona yanafaa. Ndivyo ninavyodhani ulivyofika uani kwa bibi.

Sasa turudi kwenye muhogo.

Muhogo nao ni mgeni. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, ukasambaa taratibu mpaka ukawa kama umezaliwa hapa. Lakini huku kwetu ulikutana na ugonjwa ambao kwao haukuwepo. Majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya kijani na njano, mmea unadumaa, mizizi inakuwa kama vidole. Leo wakulima wanauita batobato. Maelezo ya kwanza yaliyochapishwa kuhusu ugonjwa huo duniani yalitoka mwaka 1894, kwa kalamu ya Mjerumani aitwaye Warburg, na yalihusu eneo ambalo leo ni Tanzania. Mwaka 1906 Albrecht Zimmermann wa Amani akaandika kwamba kisababishi kitakuwa ni kitu kisichoonekana hata kwa hadubini. Alikuwa amekaribia ukweli. Ni virusi, na wanaovisambaza ni inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Msambazaji mwingine ni sisi wenyewe, kila tunapokata pingili ya mmea mgonjwa na kuipanda.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja. Amani ikageuzwa kiwanda cha dharura. Kwinini ya wanajeshi wa Kijerumani ilitoka kwenye magome ya sinkona ya pale. Waingereza walipochukua nchi, kituo kilizorota kwa miaka, hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kilipofufuliwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo anapoingia H. H. Storey, mtaalamu wa virusi vya mimea, na baadaye mwenzake R. F. W. Nichols.

Katika miaka ya 1930 walianza kwa njia ambayo mtu yeyote angeianza. Walikusanya aina nyingi za mihogo kutoka nchi mbalimbali, wakazipanda ziumwe, wakatazama ipi itasalimika. Hakuna iliyosalimika kabisa. Ndipo wakageukia jamaa za muhogo, na kati ya hao ulikuwepo mpira, ule ule uliotelekezwa. Mpira ulisimama katikati ya mihogo migonjwa ukiwa mzima.

Wazo lilikuwa kuuoza muhogo kwa mpira. Kulisema ni rahisi. Ua la kike linafunikwa kabla halijafunguka, chavua ya ua la kiume inapakwa kwa mkono, ua linafunikwa tena, mbegu inasubiriwa. Mtoto anayezaliwa ana afya ya mpira, lakini pia ana mizizi ya mpira, myembamba na yenye miti ndani, chakula hakuna. Kwa hiyo mtoto huyo anaozwa tena kwa muhogo, na katika watoto wake wanachaguliwa wale wasiougua. Halafu tena. Halafu mara ya tatu. Kila kizazi kinataka mwaka na zaidi, na kila kizazi sehemu kubwa inatupwa. Kidogo kidogo mizizi inarudi kunenepa huku ukinzani wa mpira ukibaki ndani.

Makala ya mwaka 1938 iliyoeleza ugonjwa huo ina majina mawili, Storey na Nichols. Mimi nikiisoma, macho yangu yanakwenda kwenye yale maelfu ya maua. Nani aliyafunga? Nani alipalilia mistari ile, akajua kwa kuangalia tu kwamba mche wa tatu kutoka mwisho umeanza kuumwa? Kituo kama Amani kiliendeshwa kwa mikono ya watu wa milima ile na ya vibarua waliotoka mbali. Mikono yao imo ndani ya kila mbegu, ila majina yao hayamo kwenye makala.

Kuna jambo lingine Storey aliliona, na mwaka 1936 akaliandika. Katika mihogo ya chini, upande wa pwani, kulikuwa na ugonjwa wa pili, tofauti na batobato. Huu ndio michirizi ya kahawia. Huu ugonjwa, nisamehe msomaji, ni mnafiki. Batobato inajitangaza kwenye majani tangu mmea ukiwa mdogo. Michirizi inaweza kumwacha mkulima akitembea shambani kwa furaha, anaona shina limesimama na majani yapo, kumbe chini mizizi inaoza.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwaka mmoja, nikiwa na umri wa kama miaka kumi, bibi aling'oa shina lililokuwa limempendeza kuliko yote. Muhogo ulitoka mnene. Akaukata kwa kisu, na ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, magumu, kama kutu iliyoota kwenye nyama nyeupe. Akang'oa wa pili. Akang'oa wa tatu. Hakusema kitu. Muhogo kwa mtu kama bibi ulikuwa akiba: unauacha ardhini, siku ya shida unakwenda kuchukua. Siku ile ilikuwa kama mtu aliyefungua sanduku lake la fedha akakuta mchwa.

Kabla sijaeleza kilichofuata, niseme kidogo kuhusu upande wa pili wa milima, Usambara ya Magharibi, maana miaka ile ile watafiti wa mimea wakipaka chavua Amani, serikali ya kikoloni ilikuwa na mradi mwingine wa kilimo kule. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umewatia hofu. Kuanzia Mlalo, baada ya Vita ya Pili, watu waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na asiyelima aliadhibiwa. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake. Wenye mashamba madogo hawakuwa na nguvukazi ya kutosha, na wengi waliamini kwamba ardhi ikishapangwa vizuri itachukuliwa na Wazungu. Upinzani ukawaka, ukaipa TANU wafuasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. Steven Feierman ameieleza habari hii katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990. Anaonyesha kwamba Wasambaa walikuwa na lugha yao ya kuhukumu utawala: kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Matuta yalikuja kwa jina la kuponya, watu wakayasoma kuwa ni kuharibu.

Kitaalamu, matuta hayakuwa upuuzi. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini yalikuja na faini mkononi. Wanaokijua kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kilichoanza kuchapwa Magila, jirani kabisa na Muheza, mwaka 1895, watakumbuka jinsi Mbegha alivyoingia Usambara. Alikuwa mgeni na mwindaji. Aliwapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani, na uhusiano ukaanzia hapo. Mgeni akija na kitu mkononi na kukiweka chini, milima ile inamjua. Akija na kiboko, nayo inamjua.

Mihogo ya Amani iliingia kwa njia ya Mbegha. Hata hivyo tusiwapambe watafiti. Ilikuwa ni serikali ile ile moja. Tofauti ilikuwa kwenye kitu chenyewe. Pingili ya muhogo haihitaji bwana shamba wala mkopo. Ukipewa fimbo moja, unaikata vipande, mwakani una mashina kadhaa, mwaka unaofuata unamgawia shemeji. Anayeupenda anauchukua, asiyeupenda anauacha ufe. Kwa bibi yangu ilikuwa mwiko kumnyima mtu mbegu ya muhogo, na kuiuza kulihesabiwa aibu.

Mradi wa Amani ulifungwa mwaka 1957, D. L. Jennings akiwa ndiye mtafiti wa mwisho. Utafiti wa kilimo ulikuwa umeshahamia Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakaendelea na kazi ya malaria. Kabla ya kufunga, mbegu zilipelekwa nchi kadhaa za Afrika. Baadhi zilifika Nigeria. Kutoka mbegu hizo ulipatikana mmea mmoja uliopewa namba 58308, usio na mavuno ya kujivunia lakini mgumu kwa batobato. Miaka ya 1970, mtafiti kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn, aliyekuwa kwenye taasisi ya kimataifa ya IITA pale Ibadan, akautumia kama mzazi. Watoto na wajukuu wa mmea huo wakaenea Afrika nzima. Wayoruba walimpa Hahn uchifu wa heshima, kwa maana ya mfalme wa wakulima. Alistahili. Lakini mti wa babu ulikuwa umeoteshwa Tanga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka Uganda. Ilisogea kutoka kaskazini ya kati kwenda kusini, wilaya baada ya wilaya, watu wakaacha kulima muhogo na baadhi ya sehemu zikaona njaa. Aina zilizosaidia kuurudisha muhogo mashambani zilitoka Ibadan, mojawapo ikiitwa Migyera kwa jina la mahali. Ndani yake ulikuwemo mpira wa Amani, umerudi Afrika Mashariki baada ya kuzunguka bara. Ni haki kuongeza kwamba ukinzani mwingine mkubwa uligunduliwa baadaye ndani ya mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi, iliyotunzwa na wakulima wenyewe. Na leo wanaochunguza jenomu ya muhogo wa Afrika wanakuta humo vipande vizima vya Manihot glaziovii.

Sasa michirizi ya kahawia. Kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa shida ya pwani tu. Mwaka 2004 ikaonekana tena Uganda, kwenye nyanda za juu ambako haikutegemewa, na wataalamu wakazidi kutafuta muhogo unaoistahimili. Walipata mmoja kusini mwa Tanzania, ambao wakulima waliuita Namikonga. Pwani ya Kenya kulikuwa na mwingine ulioitwa Kaleso. Kwa mkulima wa Mtwara, Namikonga ni muhogo wa kwao. Kwa mkulima wa Kilifi, Kaleso ni wa kwao. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba ni mmea mmoja. Na mmea huo ulishakuwa na jina kabla ya hayo mawili: 46106/27, mmoja wa vitukuu wa mpira waliozalishwa Amani.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Hebu fikiria. Kituo kinafungwa, wazungu wanaondoka, bendera inabadilika, mafaili yanabaki kwenye makabati. Na wakati wote huo, kwa karibu nusu karne, kazi yao inaendelea kutunzwa na watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba wanatunza kitu. Kila msimu mtu alitazama shamba lake, akaona shina hili limeleta chakula na lile halikuleta, akakata pingili ya lile lililoleta. Muhogo hauna mbegu ya kuweka ghalani. Usipoupanda mwaka mmoja, miwili, umepotea. Kila shina la Namikonga lililopo leo limepita mikononi mwa watu bila mnyororo kukatika hata mara moja.

Sisi wa fasihi tunajua mambo haya kwa upande wetu. Tuna tenzi zilizotufikia kwa kunakiliwa na kukaririwa, mtunzi wakati mwingine amesahaulika, jina limebadilika kutoka mji hadi mji, beti zimebaki. Tunawaheshimu wanakili. Tunajua kwamba bila wao mtunzi asingekuwa kitu. Basi aliyenakili Namikonga kwa jembe tumhesabu wapi? Namba 46106/27 ina wazazi wanaojulikana kwenye vitabu. Wale waliouita Namikonga walifanya nusu ya kazi, tena nusu ngumu, na hakuna makala yenye majina yao. Leo Namikonga unatumika kama mzazi katika utafiti wa pale Naliendele, Mtwara, kutafuta mihogo itakayowashinda michirizi. Ungepotea shambani, wangeanzia wapi?

Ndiyo maana jambo hili linanikera na kunitia hofu kwa pamoja. Vijijini sasa hivi mihogo mipya inakuja, na ni mizuri, siipingi. Lakini inapokuja, ile ya zamani inang'olewa na kutupwa bila mtu kuuliza inaitwaje, ilitoka wapi, na ilimsaidia nani mwaka gani. Wazee wanaojua majina wanaondoka. Tunakwenda na vinasa sauti kukusanya ngano na methali zao, na ni vizuri, ila tukiwa pale pale uani tunaipita mihogo bila kuitazama.

Nimalizie na bibi. Wiki ile baada ya kukuta mizizi imeoza, jirani yetu alikuja jioni na mzigo wa fimbo za muhogo begani, akautua barazani. Bibi akauliza ni wa aina gani. Jirani akataja jina. Bibi akalirudia mara mbili, kama mtu anayejifunza jina la mkwe mpya, akanituma nikalete panga.

Jina lile silikumbuka. Nimejaribu miaka mingi. Yawezekana ulikuwa mmoja wa wale watoto wa Amani, yawezekana haukuwa. Jirani amefariki, bibi amefariki, na shamba lile sasa lina nyumba. Mpira tu ndio bado upo nyuma pale, na mpangaji aliyepo anauchuma.